Jina analoitwa mtoto nyumbani ndilo analokwenda nalo shuleni

Fikiria mtoto wa darasa la tatu katika mtaa wa Makanyagio, Mpanda mjini. Ni saa kumi na mbili jioni. Ametumwa dukani kununua chumvi na mafuta ya kula, akarudi na chumvi peke yake. Mama yuko jikoni, ugali umekaribia kuiva, mboga haijaungwa. Hasemi kwamba mtoto amesahau mafuta. Anasema, “Yaani wewe ni kilaza kweli kweli.”

Kaka mtu anacheka. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti naye anacheka. Mtoto anacheka pia, kwa sababu hana la kufanya, kisha anarudi dukani mbio.

Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelia. Nusu saa baadaye familia nzima imezunguka sinia moja inakula. Mama akiulizwa atasema ulikuwa utani tu, na hasemi uongo.

Lakini wiki inayofuata mwalimu anaandika hesabu ubaoni na kuuliza nani anajua jibu. Mtoto yule anainamisha kichwa. Huenda jibu analijua, huenda halijui; hata yeye mwenyewe hana hakika. Anachokijua ni kwamba vilaza hawanyooshi mikono.

Kuna elimu mbili zinazomhusu sana mtoto huyu, na wazazi wengi huzisikia zikitajwa pale kijana wao anapochagua masomo ya chuo: saikolojia na sosholojia. Saikolojia huchunguza nafsi na tabia ya mtu, yaani anavyofikiri, anavyohisi, anavyokumbuka na anavyojifunza. Sosholojia huchunguza jamii: familia, ukoo, shule, dini, kazi, na kanuni ambazo watu hufuata bila hata kuandikiwa.

Mwanasaikolojia akimkuta mtoto wa Makanyagio atauliza, “Neno lile liliposemwa, ndani yako ulijiambia nini?” Mwanasosholojia atauliza swali jingine: “Kwa nini jirani naye alicheka? Na katika nyumba hii, nani ana ruhusa ya kumpa mwenzake jina?” Maswali haya mawili kila mzazi anaweza kujiuliza, awe amesoma chuo au hajasoma.

KIOO CHA KWANZA NI NYUMBA

Mwaka 1902 mwanasosholojia wa Marekani, Charles Horton Cooley, aliandika kwamba binadamu hujiona kwa kutumia wenzake kama kioo. Alieleza jambo hilo kwa hatua tatu. Kwanza, mtu huwaza jinsi anavyoonekana na wengine. Pili, huwaza wale wanaomwona wanamhukumu vipi. Tatu, kutokana na mawazo hayo, hujisikia fahari au aibu.

Mzazi aizingatie hatua ya pili. Mtoto haoni kilichomo moyoni mwa baba yake. Anaona kile anachodhani kimo moyoni mwa baba yake. Baba anaweza kumpenda mwanawe kuliko kitu chochote, akaamka alfajiri kwenda shambani kwa ajili ya ada na sare zake, lakini kama maneno yanayotoka kinywani mwake ni “huna akili” na “unanipotezea hela”, mtoto atajenga picha yake kwa maneno hayo. Lile pendo la kimya kimya halionekani kwenye kioo.

Wataalamu huita mafunzo haya ya kila siku ujamiishaji, yaani njia ambayo mtoto hupitia hadi kuwa mtu miongoni mwa watu. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kusema “shikamoo”. Anaisema kwa sababu mama alimshika mkono mara mia akamwambia, “Msalimie babu.” Hajui kwamba mkono wa kulia ndio wa kupokelea kitu mpaka aambiwe. Hivyo hivyo, hajui kwamba yeye ni mpole, ni mchapakazi, ni mkorofi au ni kilaza mpaka aambiwe. Kinywa kinachomfundisha adabu ndicho kinachomfundisha yeye ni nani, na masomo yote mawili huyapokea kwa imani ile ile.

MWALIMU ANAPOTARAJIA MEMA

Swali linalofuata ni kama matarajio ya mtu mwingine yanaweza kweli kugusa maendeleo ya mtoto darasani. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Robert Rosenthal na mkuu wa shule Lenore Jacobson walilipima jambo hilo katika shule moja ya msingi huko California, Marekani. Wanafunzi walipewa mtihani, kisha walimu wakaambiwa kwamba watoto fulani, kama mmoja kati ya kila watano, wanatarajiwa kupiga hatua kubwa mwaka ule. Ukweli ni kwamba majina yale yalichaguliwa kwa kubahatisha tu. Hawakuwa na tofauti yoyote na wenzao.

Mtihani uliporudiwa baadaye, watoto waliotajwa walikuwa wamepanda kuliko wenzao, hasa wale wa madarasa ya chini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1968 na yakazua ubishi mkubwa. Watafiti waliofuata waliona kwamba athari ya matarajio si kubwa kama ilivyodhaniwa mwanzoni, na haitokei kila mahali. Hata hivyo jambo moja limebaki: mtu mzima anayemtarajia mtoto mema humtendea tofauti. Humsubiri ajibu, humpa swali la pili, humsahihisha bila kumkatia tamaa. Anayemtarajia mabaya hupita haraka kwenda kwa mwingine.

Nyumbani mambo ni hayo hayo. Matokeo yanapotoka na mtoto ameshika mkia, kuna mzazi anayelifungua daftari kuona ni somo gani limemwangusha, na kuna anayesema, “Nilijua tu.” Neno “nilijua” linamwambia mtoto kwamba hata kabla ya kufanya mtihani alikuwa amekwisha kushindwa.

WATU WALE WALE, MAKAZI MAWILI

Anayedhani mambo haya ni ya vitabu vya ng’ambo tu, Katavi ina mfano wake, na ni mfano unaosomwa vyuoni duniani.

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu ya Wahutu walivuka mpaka kuingia Tanzania. Katika miaka iliyofuata walipewa ardhi katika makazi maalumu: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda. Wakati huo Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Leo Katumba iko Halmashauri ya Nsimbo na Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika.

Katikati ya miaka ya 1980 alifika mtafiti kutoka Finland, Liisa Malkki. Taaluma yake ni anthropolojia, ambayo ni ndugu wa karibu wa sosholojia. Alikaa Mishamo, akawasikiliza watu. Kisha akaenda Kigoma mjini, ambako waliishi watu wa asili ile ile, waliokimbia mauaji yale yale, lakini wao hawakuwekwa kwenye makazi. Walipanga vyumba mitaani, wakafanya biashara na vibarua, wakachanganyika na wenyeji. Kitabu chake juu ya watu hao kilitoka mwaka 1995.

Alichokikuta ni watu wa aina mbili. Wa Mishamo waliishi peke yao katika pori walilolifyeka wenyewe, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Kati yao, historia ilisimuliwa mara kwa mara na kwa undani: walikotoka, walichotendewa, na kwa nini siku moja watarudi. Neno “mkimbizi” kwao halikuwa la kuficha. Lilikuwa kama cheo, alama ya taifa lililo safarini.

Wa Kigoma walilikwepa neno hilo. Wengine walijitambulisha kama Waha, wengine kama watu wa Kigoma tu. Ndoa, dini na kazi viliwapa mahali pa kusimama, na mtu aliweza kujieleza kwa namna tofauti kulingana na aliye mbele yake. Kwao historia ya pamoja haikuwa na uzito ule.

Damu ni ile ile na mkasa ni ule ule. Kilichotofautiana ni mahali walipoishi, watu waliowazunguka, na simulizi zilizosemwa kila siku. Na hicho kilitosha kuwafanya wajione kuwa watu tofauti.

Mzazi anaweza kuondoka na mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba mtu hajitengenezi peke yake, mazingira humtengeneza. La pili, ambalo mara nyingi husahaulika, ni kwamba jina halina nguvu lenyewe. Neno moja, “mkimbizi”, lilikuwa heshima upande mmoja na mzigo upande mwingine. Tofauti ililetwa na simulizi inayoambatana nalo.

KARATASI HUBADILIKA, JINA HUCHELEWA

Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilianza kukabidhi vyeti vya uraia kwa wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watu wapatao 162,000. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka uliofuata, wa wazazi waliopata uraia huo, ni Mtanzania tangu siku ya kwanza. Anaongea Kiswahili, anashangilia Simba au Yanga, anaimba wimbo wa taifa mstarini asubuhi.

Lakini mtoto kama huyo anaweza kusukumana na mwenzake kwenye foleni ya bomba la maji, akaitwa “mkimbizi”. Cheti cha uraia hutolewa kwa siku moja. Jina la mtaani hukaa muda mrefu zaidi.

Kwa nini watoto hufanya hivyo? Mwanasaikolojia Henri Tajfel, mzaliwa wa Poland ambaye alifanya kazi Uingereza, alitoa jibu linalostaajabisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwachukua wavulana wa shule mjini Bristol, wa miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za wachoraji wawili na kuwaambia kwamba wamegawanywa kufuatana na mchoraji waliyempenda. Kwa kweli waligawanywa kwa kubahatisha. Kisha kila mmoja alipewa nafasi ya kugawa fedha kidogo kwa wengine bila kujua ni nani hasa, ila kundi lake tu, na yeye mwenyewe hakupata chochote katika mgawo huo. Wavulana wengi waliwapendelea wa kundi lao.

Kama kundi la picha, lisilo na historia wala ugomvi, linatosha kuleta “wa kwetu” na “wa kwao”, basi katika mkoa wenye Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Waha, Wasukuma na watu wenye asili ya Burundi hakuna haja ya kushangaa watoto wakigawanyika. Kugawanyika ni rahisi. Linalohitaji kazi ni kuwafundisha kwamba mgawanyo huo si kipimo cha utu.

Na hapo mzazi hawezi kujitoa. Mtoto wa miaka minane hajui historia ya mwaka 1972. Neno “mkimbizi” kama tusi hakulitoa kitabuni. Alilisikia kwa watu wazima wakizungumzia bei ya mpunga, mpaka wa shamba au uchumba, akaliweka akiba mpaka siku ya foleni ya maji. Vivyo hivyo na maneno yanayosemwa juu ya wafugaji waliohamia na ng’ombe wao, au juu ya kabila la jirani. Watu wazima wanapoongea sebuleni, mtoto anayechezea kizibo cha soda pembeni anasikia yote.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ndiye anayeitwa hivyo, kuna somo la Mishamo. Kumwambia mtoto “wapuuze” hakutoshi, maana anabaki na neno mkononi bila maelezo. Ampe simulizi: “Babu yako alifika hapa bila kitu. Palikuwa pori, yeye na wenzake wakalifyeka, wakalima, wakajenga shule unayosoma. Leo sisi ni raia, na shamba hili ni jasho lake.” Mtoto mwenye simulizi hiyo bado ataumia akitukanwa. Ila hatakuwa na sababu ya kuamini kwamba tusi ndilo jina lake.

JINA MOJA LINAPOFUNIKA MENGINE YOTE

Kuna jina jingine linalowahusu wazazi wengi wa Katavi, na hili huwashika mabinti. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi ilikuwa ya kwanza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Katika utafiti wa mwaka 2022 wastani wa taifa ulishuka hadi asilimia 22, na nafasi ya kwanza ilishikwa na Songwe, ingawa Katavi ilibaki juu ya wastani huo.

Mjadala wa kuzuia mimba hizo ni mpana, na unastahili makala yake. Hapa swali ni la siku inayofuata. Binti akiwa amekwisha kujifungua, anaitwaje?

Mwanasosholojia wa Marekani Howard Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alieleza kwamba jamii ikishambandika mtu jina la mkosaji, jina hilo huelekea kufunika yote mengine aliyonayo. Binti aliyekuwa hodari wa netiboli, anayeimba kwaya, anayewasaidia wadogo zake hesabu, kesho yake anakuwa kitu kimoja tu: “yule aliyezalia nyumbani”. Wazazi wengine huwazuia mabinti zao wasitembee naye. Yeye anaacha kwenda kwaya kwa kuona macho ya watu. Kwa kuwa hana tena marafiki wa zamani, anawafuata wale watakaompokea, na mtaa unasema, “Mnaona? Tulisema ameharibika.” Jina lilitangulia, mwenendo ukafuata.

Mwanasosholojia angeuliza tena swali lake la mwanzo: nani anapewa jina, na nani hapewi? Sheria ya nchi iko wazi. Tangu mwaka 2016 anayempa mwanafunzi ujauzito anaweza kufungwa miaka 30 jela. Lakini katika mazungumzo ya vijiweni jina hukaa kwa msichana, na mwanamume aliyehusika huendelea kuitwa jina lake alilopewa na wazazi.

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Mlango huo uko wazi. Ila kuna umbali kati ya mlango wa shule na mlango wa nyumba, na umbali huo hupimwa kwa maneno ya baba na mama. Binti aliyeambiwa kila siku “umeniaibisha, umekwisha” hana miguu ya kumfikisha darasani hata mlango ukiwa wazi. Aliyeambiwa “ulichofanya kimetuumiza, mtoto tutamlea, na wewe Januari unarudi shule” amepewa lawama na njia kwa pamoja. Kosa halikufichwa, na mtu hakutupwa.

“NAMTANIA TU”

Mzazi anaweza kusema kwamba haya ni kulea mayai. Watanzania wamekulia kwenye utani, makabila hutaniana mpaka misibani, na hakuna aliyekufa. Tena wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Utani wa kweli una kanuni. Mtani anayekutania, nawe unamtania. Leo anakucheka wewe, kesho unamcheka yeye, na wote mnajua mchezo. Mtoto hana ruhusa hiyo kwa baba yake. Akiitwa kilaza hawezi kujibu, “Na wewe je?” Mchezo wa upande mmoja haubaki kuwa utani, hata kama kila mtu anacheka.

Kuhusu methali, wahenga walikataza kumwacha mtoto bila kumrekebisha, na hilo ni sawa. Lakini kurekebisha ni kushika kosa. “Umesahau mafuta, rudi dukani, na kesho nikikutuma vitu viwili utavirudia kwa mdomo kabla hujaondoka” ni adhabu na fundisho. Mtoto amechoka kwa safari ya pili na amejifunza namna ya kukumbuka. “Wewe ni kilaza” haifundishi kukumbuka. Inatoa sababu ya kusahau tena.

Hata sifa zina mtego wake. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Baada ya kufaulu maswali ya kwanza, wengine walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa juhudi zao. Walipopewa nafasi ya kuchagua, waliosifiwa kwa akili walielekea kuchagua kazi rahisi isiyoweza kuwaumbua, na walipokutana na maswali magumu walikata tamaa mapema. Waliosifiwa kwa juhudi wengi walichagua kazi ya kujifunza kitu kipya. Mtoto anayeitwa “profesa” nyumbani anaweza naye kuogopa kunyoosha mkono, kwa hofu ya kulipoteza jina.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Mzazi achukue siku moja tu, asikilize majina yanayotumika nyumbani kwake. Si yake peke yake, hata ya kaka, dada, shangazi na msaidizi wa kazi. Mengi yatamshangaza, kwa sababu yamezoeleka.

Anapokemea, aseme kitendo na siku yake: “leo umechelewa”, badala ya “wewe mchelewaji”, “umechukua pesa mezani bila kuomba”, badala ya “wewe mwizi”. Kitendo kinaweza kuachwa kesho. Jina la mtu haliachwi kirahisi hivyo.

Anaposifu, ataje alichokiona: “Umelirudia swali hili mara tatu mpaka limetoka.” Mtoto ajue ni kitu gani arudie.

Asimkemee mbele ya wageni kama si lazima. Mtu mmoja akisema neno, ni maneno. Watu watatu wakilicheka, limeshakuwa jina.

Na kama jina baya limekwisha kukaa, mzazi asidhani kwamba kunyamaza kutalifuta. Amwite mtoto, amwambie wazi: “Lile neno ninalokuita nimekosea. Sitalitumia tena, na nitawaambia wenzako waache.” Kuna wazazi wanaoona kuomba radhi kwa mtoto kunapunguza heshima. Mtoto aliyeombwa radhi hajifunzi kumdharau baba yake. Anajifunza kwamba mtu anaweza kukosa bila kuwa mkosaji maisha yake yote, na somo hilo atalihitaji siku atakapokosa yeye.

Wahenga walisema jina jema hung’ara gizani. Yule mtoto wa Makanyagio hajui methali hiyo. Yeye anajua kwamba kesho jioni atatumwa tena, pengine vitunguu na kiberiti, na njiani atakuwa anavirudia moyoni: vitunguu, kiberiti, vitunguu, kiberiti. Akirudi navyo vyote viwili, mama atakuwa na nafasi ya kumwambia ameona.